Inès Hakudanganya

Kila siku ya kazi, saa mbili kasorobo asubuhi, Hyacinthe na mkewe Dative walikutana mlangoni kwao kama walinzi wawili wanaobadilishana zamu. Mume anarudi kutoka kiwanda cha mikate, unga umemganda kwenye nyusi. Mke anatoka kwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee, sare imenyooka, kipande cha mkate kiko mdomoni. Maneno yao hayazidi kumi. Divin amekula. Inès hajakwenda chooni. Kikohozi kimepungua. Kisha Dative anambusu mtoto mmoja kichwani, mwingine anamkosa kwa haraka, na lifti inamshusha kutoka ghorofa ya saba hadi kwenye baridi ya Agincourt, mtaa wa Toronto.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa ya Hyacinthe na watoto wake wawili. Inès alikuwa na miaka mitatu na nusu, Divin na miezi kumi na moja. Jina la Inès lilikuwa kwenye orodha ya chekechea tangu mdogo wake hajazaliwa, na kila wakipiga simu waliambiwa wasubiri. Basi walisubiri. Hyacinthe alilala jioni, Dative akisharudi, mpaka wakati wa kwenda tena kiwandani. Na asubuhi aliiba usingizi wa nusu saa hapa, dakika kumi pale, Divin anapolala.

Raha zilikuwepo, tena nyingi. Divin akiona uji unakuja alipiga meza kwa viganja vyote viwili kama mpiga ngoma wa Burundi, kwa akina mama yake. Inès alimwosha baba yake nywele kwa kikombe cha plastiki akimwambia asilie, maji hayaumi. Theluji ya kwanza ilipoanguka mwaka ule alisimama dirishani, akamwita baba yake aje aone nani amemwaga unga. Hyacinthe, ambaye usiku kucha alikuwa amekesha na unga, alicheka hadi akakaa chini.

Hyacinthe alitoka Uvira, Kongo, Dative Rumonge, Burundi. Walijuana Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mapenzi yao yote yalizungumzwa kwa Kiswahili. Walitaka watoto wao wakirithi. Inès alikielewa chote, mpaka yale ambayo wazazi walidhani wanayasema kwa mafumbo, lakini majibu yake mengi yalitoka kwa Kiingereza cha katuni, haraka haraka, na hadithi zilikuwa hazimwishi. Leo amemwona mbwa aliyevaa koti la daktari. Jana bibi yake wa Uvira alikuwa ndani ya friji. Wazazi walimsikiliza, wakamuuliza bibi alikuwa amekaa rafu ipi, wakacheka.

Jumanne moja ya mwezi wa pili Hyacinthe alirudi nyumbani hajalala sawasawa kwa siku mbili. Jumapili aliombwa azibe nafasi ya mwenzake. Jumatatu jioni Divin alilia meno yakimtoka, na jioni ya Hyacinthe ikaishia kutembea na mtoto begani kutoka dirishani hadi mlangoni. Dative alipotoka siku ile alimwambia, "Baba Inès, macho yako yamekuwa mekundu. Utaweza?"

"Nitaweza," akasema.

Alikuwa amemwahidi Inès kwamba wangeshuka kucheza kwenye theluji. Saa nne asubuhi alianza kuwavalisha. Aliyewahi kumvalisha mtoto nguo za baridi ya Toronto anajua kwamba hiyo ni kazi ya kutwa: soksi mbili mbili, suruali ya theluji, buti, koti, kofia, skafu, glavu ambayo kidole gumba chake hakipatikani. Alimaliza Divin, naye akalia. Alimaliza Inès, naye akasimama mlangoni amevimba kama mto, mikono imekaa mbali na mwili.

"Baba," akasema, "kojo."

Glavu zikavuliwa, koti likavuliwa, suruali ya theluji ikakwama kwenye buti, na mkojo haukungoja. Hyacinthe alipiga magoti kwenye kile kidimbwi kidogo, akahisi kichwa kinazunguka. Akamvalisha Inès suruali ya kulalia na soksi safi. Akamvua Divin, naye kwa uchovu wa kulia akasinzia papo hapo, akamlaza kwenye kitanda chake chenye vizuizi.

"Tutashuka baadaye," akamwambia Inès. "Baba apumzike dakika tano. Tazama katuni."

"Uliahidi," Inès akasema.

"Dakika tano tu, mama yangu."

Akakaa kwenye kochi, akajifunika koti lake la kazi. Usingizi haukumjia kama unavyomjia mtu, ulimwangukia.

Kilichomwamsha ni mlango kugongwa, si kwa nguvu, lakini kwa namna ya mtu ambaye amegonga muda mrefu. Aliinuka. Divin alikuwa bado amelala. Katuni zilikuwa zinacheza zenyewe. Kwenye kona ya kochi aliona kitu kimejikunja, akadhani ni Inès. Lilikuwa koti lake la kazi. Hata hapo hakushtuka. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko mengine yote: kwamba alitembea hadi mlangoni akipiga miayo. Chini ya kitasa kulikuwa na kigoda cha chooni, kile ambacho Inès hupandia anaponawa mikono. Alikisogeza kwa mguu, akafungua.

Nje alisimama mama mmoja wa makamo anayeelekea uzeeni, Mhindi, kofia nyekundu ya sufu kichwani, amevaa sweta tu. Koti lake lilikuwa limemzunguka Inès, linaburuta sakafuni. Midomo ya Inès ilikuwa na rangi ambayo Hyacinthe hakuwahi kuiona kwenye uso wa mtoto wake.

"Huyu ni wako?" yule mama akauliza kwa Kiswahili.

Hyacinthe aliinama, akamgusa Inès shavu.

"Nimemuuliza baba yuko wapi, ananiambia, 'Analala.' Hilo neno nalijua. Mimi nimezaliwa Nairobi, Pangani. Naitwa Edwina, nakaa ghorofa ya nne." Aliongea harakaharaka, na sauti yake ilikuwa na hasira iliyozuiwa. "Hakujua namba ya nyumba. Alijua saba ya kwenye lifti tu. Nimegonga milango mitano kabla ya huu."

Milango mitano. Hyacinthe alitazama kule kwenye ukumbi wa ghorofa. Mlango mmoja ulikuwa bado uko wazi kidogo, na mtu alikuwa akichungulia.

"Alikuwa wapi?"

"Chini. Katikati ya ile milango miwili ya vioo. Wa ndani ulishajifunga nyuma yake, wa nje ulimshinda kusukuma. Ungekuwa mwepesi huo..." Hakumaliza. Alipita ndani bila kukaribishwa, akamketisha Inès kwenye kochi, mahali palepale alipolala baba yake, pangali pana joto. "Lete maji ya uvuguvugu. Yasiwe ya moto! Na taulo."

Hyacinthe alileta beseni. Mguu mmoja wa Inès ulikuwa na soksi, mwingine haukuwa nayo, na vidole vilikuwa vyekundu kama vimepigwa. Maji yalipomgusa alianza kulia, kilio kidogo kidogo cha kwikwi. Edwina alimsugua taratibu, akimwimbia kitu kwa lugha ambayo Hyacinthe hakuijua. Hyacinthe alikuwa amechuchumaa pembeni, ameshika taulo kwa mikono miwili kama mhudumu asiye na kazi. Sakafuni kidimbwi cha mkojo kilikuwa hakijafutwa. Vyombo vya jana vilikuwa kwenye sinki. Aliona jinsi mgeni alivyoviona, na jinsi alivyogeuza macho asionekane kwamba ameviona.

Rangi ya vidole iliporudi, Edwina alisimama, akachukua koti lake.

"Nilikuwa nimeshatoa simu nipige polisi," akasema.

Hyacinthe alimvuta Inès karibu naye. Kanisani kwao hakukosekana habari ya familia fulani iliyopokonywa watoto. Hakuna aliyeijua familia yenyewe, lakini kila mtu alikuwa na habari hiyo.

"Mama, nakuomba. Nafanya kazi za usiku. Nilifumba macho tu..."

"Sijapiga. Namjua aliyechoka na namjua mlevi." Alifunga vifungo. "Lakini mke wako utamwambia."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Leo," Hyacinthe akasema, na akaweka mkono kifuani.

Alipoondoka, Hyacinthe alimpakata Inès, akamfunika blanketi, akampa maziwa ya moto. Alimwomba msamaha mara nyingi, sikioni, mpaka Inès akamwambia anampulizia sikio. Akafuta sakafu. Akaosha vyombo. Kila dakika aliyapanga maneno atakayomwambia Dative, na kila alipoyapanga aliuona uso wa Dative ukiyapokea, akayapangua.

Saa kumi na moja Dative alirudi. Alikuta nyumba inang'aa, ndizi zimeiva jikoni, watoto wameoga. Akavua viatu, akasema, "Kumbe leo mlikuwa na siku nzuri." Hyacinthe akatabasamu. Alijiambia: akishakula.

Inès hakungoja mama yake ale.

"Mama," akasema kwa Kiingereza chake, "leo nilishuka chini na lifti. Mimi peke yangu. Kulikuwa na baridi sana. Mama wa kofia nyekundu akanivalisha koti lake."

Dative alikuwa anamfunga Divin kitambaa shingoni. Mikono yake ilisimama. "Ulishuka na nani?"

"Peke yangu. Baba alikuwa analala."

Dative alimgeukia mumewe. Hakukuwa na tuhuma machoni mwake, na hilo ndilo lililoufanya uongo uwe mwepesi. Ni swali tu. Na Hyacinthe, ambaye mchana kutwa alikuwa ameyapanga maneno, alisikia kicheko kikitoka kinywani mwake.

"Jana bibi alikuwa kwenye friji," akasema. "Leo ni kofia nyekundu."

Dative alivuta pumzi. "Mungu wangu, nilishtuka! Inès, hiyo si hadithi nzuri. Usiseme hivyo tena."

"Si hadithi."

"Inès."

"Si hadithi! Nilishuka! Baba, mwambie!"

Mtoto alikuwa amemtazama moja kwa moja, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayemkabidhi mwenzake kitu kizito akijua atakipokea.

"Inès," Hyacinthe akasema, "msikilize mama."

Kazini Dative alikuwa amejifunza kwa wenzake njia ya kuadhibu watoto ya huku, isiyo na kofi: kiti. Alimchukua Inès, akamkalisha kwenye kiti kando ya friji. Akamwambia kwa upole kabisa kwamba hadithi za mbwa daktari ni za kuchekesha, lakini kusema baba alimwacha ni uongo mbaya, watu wakisikia wataweza kumletea baba matatizo makubwa. Atakaa pale dakika tatu afikirie. Inès alikaa. Miguu yake haikufika chini. Hakupiga kelele, alimtazama baba yake tu, na baba yake akageuka kwenye sinki akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini Hyacinthe aliona yake inarefuka. Alhamisi, akiwa na watoto kwenye masanduku ya barua ya chini, alikutana na Edwina anasubiri lifti. Hyacinthe alikuwa amepanda kwa ngazi siku mbili, Divin mgongoni na Inès mkononi, ghorofa saba, ili asikutane naye.

"Umemwambia?" Edwina akauliza.

"Ndiyo, mama."

Edwina alitikisa kichwa kwa kuridhika, akatoa biskuti mfukoni, akampa Inès. Inès aliishika bila kuila. Aliangalia juu, akamwangalia yule mama, kisha baba yake, kisha biskuti. Mtoto wa miaka mitatu na nusu hajui neno aibu, lakini Hyacinthe alitamani sakafu ifunguke chini yake.

Hadithi za Inès zilikoma. Mbwa hakuvaa tena koti. Dative alimuuliza leo umeona nini, akajibu, "Hakuna kitu." Dative akasema labda anakua. Hyacinthe akasema labda.

Jumamosi Dative alikuwa na siku ya mapumziko. Aliamka akamkuta Inès amekaa kitandani, mashavu yanawaka, mkono umeshika upande wa kichwa.

"Ana homa. Inès, unaumwa wapi, mama?"

Inès hakujibu.

"Kichwa? Tumbo? Mwambie mama."

Mtoto alimtazama baba yake aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiyo kwanza amerudi kutoka kazini, hata koti hajavua.

"Baba," akasema, "sikio langu linauma?"

Alilisema kama swali. Hyacinthe alilisikia kama swali.

"Mbona unamuuliza baba?" Dative akasema. "Sikio ni la nani? Linauma au haliumi?"

Midomo ya Inès ilianza kutetemeka. "Sitaki kiti," akasema.

Kwenye kliniki daktari, kijana aliyeitwa Samir, alimulika sikio kwa taa yake ndogo. Akasema limejaa usaha. Kwa kadiri ya wekundu ule, mtoto lazima amekuwa na maumivu siku tatu, pengine nne. Hakulalamika? Hakulia akilala? Aliuliza bila ubaya. Dative alijibu kwa sauti ndogo, hapana, hakusema.

Walikwenda duka la dawa lililokuwa chini ya jengo hilohilo, wakaambiwa wangoje dawa ichanganywe. Kulikuwa na viti vitatu vya plastiki karibu na mashine ya kupimia shinikizo la damu. Divin alilala kwenye kigari chake. Inès alisimama mbele ya miswaki ya watoto yenye picha za wanyama. Dative aliketi, akaangalia viganja vyake.

"Kazi yangu ni kutunza watu," akasema. "Mzee akikunja uso tu najua ni goti au ni tumbo. Mtoto wangu siku nne sikio linaoza, sijui. Mama gani mimi?"

Angeweza kunyamaza hata hapo. Hyacinthe aliliona hilo wazi kabisa: mkewe alikuwa ameshaubeba mzigo mwenyewe, kilichobaki ni yeye kumwambia pole.

"Dative," akasema. Hakumwita Mama Inès, na kwa sababu hiyo Dative aligeuka. "Inès hakudanganya."

"Kuhusu nini?"

"Jumanne. Alishuka chini peke yake. Nilikuwa nimelala. Yule mama wa kofia nyekundu yupo, anakaa ghorofa ya nne, anaitwa Edwina. Ndiye aliyemleta."

Dative hakupandisha sauti. Watu walikuwa kwenye foleni, na yeye hakuwa mtu wa kupiga kelele mbele ya watu.

"Alikuwa na koti?"

"Hapana."

"Viatu?"

"Soksi moja."

"Alikaa huko muda gani?"

"Sijui."

"Hujui."

"Sijui, Dative. Nililala."

Mfamasia aliita jina lao, akalitamka vibaya kama kawaida. Dative alisimama, akaenda dirishani, akasikiliza maelezo: kijiko kimoja mara mbili kwa siku, iwekwe kwenye friji, itikiswe kwanza. Akashukuru. Akaenda kule kwenye miswaki, akapiga magoti sakafuni na koti lake la baridi, akawa kimo kimoja na mwanawe.

"Inès, Jumanne ulishuka na lifti. Ni kweli. Mama alikosea kukuweka kwenye kiti. Ulisema kweli, na mama hakukusikia. Nisamehe."

Inès alifikiri. "Huyu ni mamba," akasema, akionyesha mswaki wa kijani.

"Ndiyo, ni mamba," Dative akasema, na hapo ndipo alipolia, uso ukiwa ndani ya skafu ya mtoto. Hyacinthe alisimama nyuma yao ameshika kigari. Mama mmoja kwenye foleni alimtazama kwa macho ya kumlaumu, bila kujua alichofanya, na alikuwa na haki.

Mchana ule Dative alishuka ghorofa ya nne peke yake. Alikaa huko saa nzima. Aliporudi macho yake yalikuwa yamevimba, na mkononi alikuwa na soksi ndogo, iliyofuliwa.

"Dakika kumi na tisa," akasema.

"Nini?"

"Msimamizi wa jengo ana kamera. Bi Edwina alimwomba aangalie siku ileile. Mtu alikuwa anatoka, akamfungulia mlango wa ndani, labda alidhani mzazi yuko nyuma. Dakika kumi na tisa alisimama pale. Sasa unajua." Aliweka soksi mezani. "Na amenishukuru kwa kuwa nilikusamehe. Ulimwambia umeniambia."

Hyacinthe aliinamisha kichwa.

"Sikiliza, Baba Inès. Kulala nitakusamehe. Mimi pia nimewahi kusinzia nikimnyonyesha huyu, nikaamka ametelezea kwenye mto, sikukwambia. Kulala nakujua. Lakini kile kiti!" Sauti ilimkatika. "Alisema kweli, nikamwadhibu, wewe ukiwa umesimama hapo. Uliitumia mikono yangu."

Hyacinthe aliichukua ile soksi, akaenda kuitafutia mwenzake.

Siku zilizofuata walipokezana mlangoni kama kawaida, maneno kumi, pengine manane. Hyacinthe alifunga komeo juu kabisa ya mlango. Alishuka ghorofa ya nne akamwambia Edwina kwamba alimdanganya pia yeye, Edwina alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani, akasema, "Sawa. Sasa nimesikia," akafunga. Kiwandani alimwomba mkubwa wake, Rameez, amtoe zamu ya usiku, na Rameez akamwahidi ya mchana mwisho wa wiki, kuanzia mwezi wa nne. Mpaka wakati huo Amandine, mke wa Josué wa kanisani kwao, alikubali kukaa na watoto asubuhi mbili. Amandine aliambiwa tu kwamba Hyacinthe amechoka.

Jumapili ya tatu tangu siku ile, baada ya ibada, Amandine na Josué walikuja kula kwao. Josué alikuwa shemasi, mtu wa kicheko kikubwa, ambaye siku zote alimtaja Hyacinthe kanisani kama mfano wa mwanaume anayelea watoto wake kwa mikono yake. Dative alipika ugali, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, wale dagaa wa kwao. Divin alipitishwa kutoka paja hadi paja. Sikio la Inès lilikuwa limepona, na mdomo wake pia ulikuwa unapona: alimwambia Josué habari ya mamba anayepiga mswaki, akamwambia habari ya kijiko kilichokwenda shule. Josué alicheka hadi meza ikatikisika.

"Na mimi nilishuka na lifti," Inès akaendelea, pumzi ileile, "peke yangu, na mlango ukanifungia, na baba alikuwa amelala."

"Ehee!" Josué akapiga paja. "Huyu mtoto atakuwa mwandishi! Amandine, umesikia? Baba amelala!"

Dative alikuwa anakata ugali. Hakuinua macho. Hyacinthe alimwona anaacha kukata, kisu kimesimama, na akaelewa kwamba hatamsaidia wala hatamzuia.

Inès alikuwa amekwisha kugeuka. Alimtazama baba yake haraka haraka, kama mtoto anayegusa sufuria kuona kama bado ina moto.

"Si hadithi," Hyacinthe akasema.

Josué alikuwa bado anatabasamu. "Nini?"

"Si hadithi, shemasi. Ni kweli. Nililala, akatoka. Alikaa chini kwenye baridi dakika kumi na tisa na soksi moja. Jirani ndiye aliyemwokota. Na mama yake alipomuuliza, mimi nilimwita mwongo." Masikio yake yalikuwa yanawaka. Aliona mkono wa Amandine umebaki hewani na tonge. "Kwa hiyo anaposema jambo hilo, anasema kweli."

Tabasamu la Josué lilichukua muda kuondoka, likaondoka vipande vipande, na kilichobaki usoni pake kilikuwa kile hasa ambacho Hyacinthe alikuwa ameogopa kukiona kwa mtu yeyote. Amandine aliweka tonge chini. Nje gari la kusukuma theluji lilikuwa linakwangua lami.

"Na vidole viliuma," Inès akaongezea, akachukua ndagala, akamng'ata kichwa.

"Viliuma," Hyacinthe akasema.

Dative alimaliza kukata ugali. Aliweka kipande kwenye sahani ya Josué, kingine kwenye ya Amandine. Kisha akamwinua Divin kutoka mapajani mwake, akanusa, akamnyooshea mumewe juu ya meza bila kumtazama.

"Huyu amejaza," akasema. "Kambadilishe."

Hyacinthe alimpokea, akaenda naye chumbani. Kupitia ukutani alisikia Josué akisema kitu kwa sauti ya chini, na Dative akijibu, maneno hayakumfikia. Alimlaza Divin, akafungua pampasi, akatandaza nyingine safi. Divin akajigeuza, akasimama kwa kushika ukuta, akacheka, na kabla baba yake hajamkamata, akakojoa juu ya shuka. Ikabidi aanze upya.